Nikipandisha ukuta wa udongo kwenye gurudumu unatanuka na kukatika, kosa liko wapi?

"Assalaam alaykum. Niko Wete, Pemba. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mfinyanzi wa vyungu na vyetezo, kwa mkono, na mie nimefinyanga nae tangu nna miaka kumi. Mwaka jana kaka yangu alioko Unguja kanipatia gurudumu la umeme lililokwishatumika, na huu mwezi wa tatu najifunza mwenyewe kwa kutizama video. Nataka kutoa vikombe na vyetezo vilivyonyooka kama bomba. Kuweka udongo kati nishaweza, si kila siku lakini naweza. Tatizo ni ukuta. Nikipandisha kidogo tu unaanza kucheza, unatanuka unakuwa bakuli, au unachanika mdomoni, au unakatika kabisa nabaki na pete mkononi na kitako kizito kimebaki chini. Kila mtu na lake, mmoja kasema mwanamke hana nguvu za gurudumu, mwengine kasema niongeze spidi na maji, mwengine kasema udongo wa Pemba haufai mpaka ninunue wa pakti kutoka nje. Kila siku kilo kumi za udongo zinarudi ndooni. Kosa langu liko wapi?"

Waalaykum salaam mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili na nimesimama pale pale mara zote mbili, pale uliposema unabaki na pete mkononi na kitako kizito kimebaki chini. Hapo umejijibu mwenyewe bila ya kujua. Wewe unaangalia juu kwa sababu juu ndo kunakoanguka, mdomo ndo unaochanika, ukuta ndo unaocheza, lakini udongo uliokuwa ujenge huo ukuta bado umekaa kwenye kitako, hujaupandisha. Unachopandisha ni kile kidogo cha juu tu, unakivuta na kukivuta kinakuwa chembamba kama karatasi, mwisho kinakatika. Nshafundisha watu wengi na nnaweza kukwambia karibu wote wanaolia ukuta, shida yao iko kwenye sentimita mbili za chini kabisa.

Kwanza tuliondoe la nguvu maana hilo linakuumiza moyo bure. Nusu kilo ya udongo uliokandwa vizuri haihitaji misuli. Inahitaji mkono usiotikisika, na mkono hautikisiki kwa nguvu, unatulia kwa kuegemea. Kaa karibu na gurudumu, karibu mno mpaka uone kama umelikumbatia, viwiko vyako viegemee kwenye mapaja au vibane mbavuni, mikono miwili igusane, hata kidole gumba kimoja kiguse chengine. Ukiwa hivyo udongo ukikusukuma unausukuma mwili wako mzima, sio kifundo cha mkono. Akina mama unaowaona wanakuna nazi tatu juu ya mbuzi bila ya kuhema hawatumii nguvu za mkono, wanatumia namna walivyokaa. Sasa wewe nakisia unakaa kwenye kiti kirefu, viwiko viko hewani, maana video nyingi kamera inawekwa juu, inaonesha mikono tu na mtu haoni yule fundi kakaa vipi.

La spidi na maji, aliekwambia hivyo kakupa dawa ya kuzidisha ugonjwa, na ntakueleza kwanini maana ukijua sababu hutosahau.

Udongo wa mfinyanzi umejengwa na vipande vidogo mno, havionekani kwa jicho, bapa kama magamba ya samaki, na baina ya gamba na gamba kuna utando wa maji. Utando huo ndo unaofanya magamba yateleze moja juu ya jengine bila ya kuachana, ndo maana udongo unavutika na unabaki na umbo ulilouacha. Maji yakiwa machache magamba hayatelezi, udongo unachanika. Maji yakizidi magamba yanaelea, hayashikani tena, ukuta unakuwa laini kama uji na haubebi hata uzito wake wenyewe. Sisi tuna msemo udongo uwahi ungali maji, na ni kweli kwa mtoto na ni kweli kwa chungu, lakini kwenye gurudumu kuna upande wa pili, ukikawia nao huku unaumwagia maji kila dakika udongo unachoka, unayanywa yale maji mpaka unakaa chini. Ukuta mmoja usizidi dakika tano mpaka nane za kazi. Maji ni ya kulainisha mikono isikwaruze, sio ya kulainisha udongo. Chovya vidole, pangusa, basi, na yale maji yanayokusanyika ndani kwenye kitako yanyonye kwa sponji kila ukimaliza kupandisha, usiyaache hata mara moja.

Spidi nayo ina hesabu yake. Kitu kinachozunguka kinataka kukimbilia nje, na ukiongeza spidi mara mbili, ule msukumo wa kwenda nje hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne. Alafu mdomo ukitanuka, msukumo unazidi tena kwa sababu udongo umekwenda mbali na kati, kwa hivyo unatanuka zaidi, na zaidi, mpaka bakuli. Kwa hiyo usishangae unapata bakuli, bakuli ndo umbo ambalo gurudumu linalitaka lenyewe, bomba ndo unalolidai wewe. Spidi kubwa ni ya kuweka udongo kati tu, pale gurudumu likizunguka kama mara 200 kwa dakika hakuna ubaya. Ukishaanza kupandisha shuka mpaka 80 au 100. Kujua, tia alama ya wino pembeni ya sahani ya gurudumu, hesabu inapita mbele yako mara ngapi kwa sekunde 15, alafu zidisha kwa nne.

Mie hili nililijua vizuri pale umeme ulipokatika Unguja, kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu kisiwa kizima kiko gizani. Gurudumu langu la umeme likawa meza ya kuwekea vikombe. Nikatengenezewa na fundi seremala gurudumu la kupiga kwa mguu, la chini zito, la juu dogo, na lile ukishaacha kulipiga teke linapungua taratibu lenyewe. Nikajikuta napandisha ukuta huku spidi inashuka, na kuta zangu zikawa nzuri kuliko zilivyokuwa na umeme. Umeme uliporudi nikawa sikanyagi tena mpaka mwisho, na mpaka leo sikanyagi.

Sasa tuje kwenye kitako, hapa nitakaa sana kwa sababu hapa ndipo.

Chukua nusu kilo ya udongo, pima kwenye mizani, usikisie. Sio kilo moja, sio mbili. Uweke kati, na usiniambie nishaweza si kila siku, maana siku ambayo hujaweza ile siku hakuna ukuta, bora uubandue ukande upya kuliko kuendelea nao. Namna ya kujua, shika sindano au kijiti pembeni bila ya kukitikisa kiguse udongo kidogo, kikikwaruza duara zima sawasawa uko kati, kikikwaruza upande mmoja bado.

Ukitoboa kati, teremka mpaka kitako kibaki kama milimita 8, pima kwa sindano, chomeka mpaka iguse sahani, weka kidole kwenye udongo, itoe uangalie. Alafu vuta kutanua kwa kuelekea kwako, na hapa angalia sana, kitako cha ndani lazima kiwe bapa, tambarare kama sakafu, mpaka kwenye kona. Wengi wanatoboa kwa kidole gumba wakavuta wakatoka, na ndani kumebaki mviringo kama wa bakuli. Ukianza na mviringo wa bakuli ndani utamaliza na bakuli, na tena ile kona ya chini imejaa udongo mnene ambao hautokuja juu tena. Ndo hicho kitako chako kizito. Ukishafika kona, kandamiza sakafu kwa vidole kutoka kati kwenda pembeni na kurudi, mara tatu nne, ili isije kupasuka kwa alama ya S wakati wa kukauka. Watu wanadhani ule mpasuko ni laana ya hali ya hewa na ni sakafu tu haikukandamizwa, au maji yaliachwa ndani.

Sasa kupandisha. Mkono wa kushoto ndani, wa kulia nje, gurudumu likizunguka kinyume cha saa, na ufanye kazi upande wako wa kulia, pale udongo unakukimbia. Ukifanya kazi upande ambao udongo unakujia, vidole vinachimba. Kama unatumia shoto, geuza vyote, gurudumu lizunguke kama saa na kazi iwe kushoto.

Kidole cha nje kianze chini kabisa, kiguse sahani ya gurudumu. Nnaposema kabisa nna maana unauhisi ule ubaridi wa chuma kwenye kucha. Hapo kandamiza kwa ndani, taratibu, usipandishe bado, subiri mpaka uone juu ya kidole chako kumetokea uvimbe, kama mkunjo wa mtoto mnene kwenye kifundo. Huo uvimbe ndo udongo wa kitako uliokuwa unabaki chini kila siku. Sasa kazi yako yote ni kuubeba huo uvimbe mpaka juu bila ya kuudondosha njiani. Kidole cha ndani kiwe juu kidogo ya cha nje, kama nusu ukucha, ili cha nje kiunyanyue udongo na cha ndani kiuzuie. Vidole viwili vikitazamana sawasawa udongo unabanwa tu kama kwenye koleo, hauinuki, na cha ndani kikiwa chini ya cha nje unatanuka.

Na hapa nakupa hesabu moja ambayo naomba uifanyie kazi kuliko yote niliyosema. Gurudumu likizunguka mara 90 kwa dakika, ni mzunguko mmoja na nusu kwa sekunde. Kidole chako kinagusa ukuta kwa upana wa kama sentimita moja. Sasa wewe, na nna hakika bila ya kukuona, unapandisha ukuta wa sentimita 12 kwa sekunde nne, kwa hofu, unataka umalize kabla haujaanguka. Hesabu, kwa kila mzunguko mmoja kidole kimeshapanda sentimita mbili, na kinagusa moja tu, kwa hivyo nusu ya ukuta hakikuugusa kabisa. Umeuchora ukuta mistari ya kuzunguka kama skrubu, mnene mwembamba mnene mwembamba, na pale pembamba ndo unapokatika, pale ndo unapoanza kucheza. Pandisha sentimita moja kwa sekunde moja. Ukuta wa sentimita 12, hesabu moja mpaka 12 kwa sauti, kweli kwa sauti, usione haya, mpaka mkono uzoee. Mara ya kwanza utaona ni karne nzima. Ukifika karibu na mdomo punguza kubana, mdomo uwe mnene kuliko ukuta, na usiachie kwa ghafla, mikono iondoke polepole kama unavyomuweka mtoto aliyelala.

Mdomo ukishafika juu uubane baina ya vidole viwili na cha tatu kiukandamize kwa juu, kila baada ya kupandisha. Mdomo unaochanika ni mdomo uliokuwa haukandamizwi.

Alafu kila ukipandisha mara moja, bana shingo. Mikono miwili ilizunguke bomba kwa nje kama unamshika mtu shingo, gumba kwa gumba, vidole vya kati kwa vidole vya kati, anza chini panda juu ukiminya kidogo kidogo, hapa spidi unaweza kuongeza kidogo. Lengo lako sio bomba lililonyooka, lengo ni mnara, mdomo uwe mwembamba kuliko kitako. Najua unataka vilivyonyooka, lakini gurudumu lenyewe litakurudishia ule unyoofu, maana kila mguso unatanua. Kutanua mwisho ni sekunde mbili, kurudisha kilichotanuka ni kazi ya watu wazima na mara nyingi kinakunjika. Mara tatu za kupandisha zinatosha. Ya kwanza inatoa udongo chini, ya pili inaugawa, ya tatu inaunyoosha. Mtu anaepandisha mara kumi anausumbua udongo bure, ya nne na kuendelea inaharibu kuliko inavyojenga.

Sasa jambo la bibi yako, na hili nalisema kwa heshima zote maana na mie mama yangu alifinyanga kwa mkono na mikono yangu ilijifunzia hapo. Miaka uliyofinyanga nae ni mali, unajua udongo umekaa vipi kwa kuugusa tu na hicho kitu hakiuzwi. Ila kuna tabia moja lazima uiache mlangoni unapoingia kwenye gurudumu. Kwa mkono, chungu kimekaa na mkono wako ndo unaokizunguka, unaona pamevimba unapapiga, unaona pamebonyea unapajaza, unakisahihisha pale pale ulipoona. Kwenye gurudumu mkono umekaa na chungu ndo kinachozunguka. Ukiona pamevimba ukaparukia kupasahihisha, umekwisha kuchelewa, kile kivimbe kishapita na umekandamiza pengine, sasa una makosa mawili. Ukuta ukianza kucheza usiukimbize. Punguza spidi, tuliza mikono mahali pamoja, usipande usishuke, kiache chungu kizunguke mara tatu nne, kinachowezekana kutulia kitatulia. Kisichotulia ni cha kukatwa.

Na usione kama unaisaliti kazi ya bibi. Unguja Ukuu wanapochimba vigae vya zaidi ya miaka elfu moja, vyungu vya wenyeji vilivyofinyangwa kwa mkono vinatoka kwenye udongo ule ule pamoja na vyombo vya rangi vya gurudumu vilivyoletwa na majahazi kutoka Ghuba. Kazi mbili hizi zimekaa pamoja hapa kwetu siku nyingi, jikoni mwa nyumba moja.

Udongo wa Pemba haufai? Aliesema hivyo hakuuliza kwanza ni udongo gani. Ule wa bibi yako umetiwa mchanga kwa makusudi, na ulikuwa sahihi kabisa kwa kazi yake, chungu cha kupikia kinawekwa juu ya moto mkali upande mmoja na mchanga unakisaidia kisipasuke, na wakati wa kukichoma nje kwa makuti na kuni mchanga unaachia mvuke utoke. Gurudumuni mchanga ule ule unakuchuna ngozi na unachana ukuta, kwa sababu chembe moja kubwa ndani ya ukuta wa milimita sita ni jiwe njiani. Kwa hivyo chukua udongo huo huo kabla haujatiwa mchanga. Uache ukauke kabisa, uponde, uloweke ndooni siku mbili tatu bila ya kuuchezea, alafu ukoroge uwe kama uji mwepesi uchuje kwa kitambaa cha chandarua, mara mbili. Uache utuwame, mwaga maji ya juu, umwage juu ya kanga kuukuu kivulini mpaka ukandike. Ukishauweza kukanda, urudishe ndooni ufunike uulaze japo wiki tatu, ukilala zaidi ndo vizuri zaidi, unakuwa na mvuto. Kujaribu, viringisha kipande chembamba kama kalamu ukizungushe kidoleni. Kisipopasuka kinafaa gurudumuni. Kikipasuka kidogo, changanya na udongo mwengine wenye kunata zaidi, mabonde ya mpunga hayafanani, uliza wazee wanakochimba wengine.

Kitu kimoja cha visiwani kwetu, na hili lisikupite. Angalia chembe za matumbawe na makombe ndani ya udongo. Unajua chokaa inavyotengenezwa, mawe ya matumbawe yanachomwa kwenye tanuu, alafu yanamwagiwa maji yanavimba na kupasuka yanakuwa unga. Chembe ya kombe ndani ya kikombe chako inapita njia hiyo hiyo. Moto ukiwa mkali inageuka chokaa mbichi, kikombe kinatoka kizuri, unafurahi, unauza, alafu chembe ile inaanza kuvuta unyevu wa hewa, inavimba, wiki mbili baadae inarusha kipande cha ukuta kama mtu kakigonga na msumari. Nnamjua mtu aliyepeleka vyetezo hotelini akarudishiwa vyote kwa sababu hii. Ponda udongo mkavu kidogo, utie siki au maji ya ndimu, ukisikia unachemka povu kuna chokaa humo. Chandarua kinatoa zile chembe kubwa ambazo ndo zenye madhara, ila ukichemka sana tafuta shimo jengine.

Udongo wa pakti una faida moja ya kweli, haubadiliki. Leo na kesho ni ule ule, kwa hivyo ukikosea unajua ni mkono sio udongo, na kwa mtu anaejifunza peke yake hiyo ni nafuu kubwa, siwezi kukuficha. Ukiweza kupata pakti moja au mbili kwa ajili ya mazoezi tu, na kuurejesha ndooni kila siku, fanya. Lakini kabla ya kununua uliza unataka moto wa digrii ngapi. Aina nyingi za pakti zinataka digrii 1200 na zaidi, na moto wetu wa nje wa makuti na kuni unafika 700, 800, ukijitahidi 900. Utatengeneza kikombe kizuri cha udongo wa ghali alafu moto wako haukiivishi, kinabaki laini na kinanyonya chai. Kama huna tanuri, tafuta ule wa moto mdogo, au baki na wa nyumbani. Na kwa vyetezo wala usisumbuke, wa nyumbani uliochujwa ndo wenyewe, chetezo hakishiki maji.

Sasa mazoezi. Acha kilo kumi kwa siku. Matonge sita ya nusu kilo, asubuhi kabla ya jua kali, na hakuna hata moja la kuhifadhi. Naomba unisikilize hapa maana hapa ndipo watu wanapokataa. Kila ukimaliza ukuta, uwe mzuri uwe mbaya, chukua uzi wa kukatia, ukate katikati kutoka mdomoni mpaka kitakoni, uondoe nusu moja, utizame ile iliyobaki kwa ubavu. Hiyo ndo itakayokwambia ukweli wote. Utaona kona ya chini ina unene gani, utaona wapi ulikimbia, utaona mdomo. Chukua rula upime. Nusu kilo ya udongo, kitako cha upana wa sentimita 8, ukipanda sentimita 12 ukuta unakuwa na unene wa kama milimita 8 kama umegawanyika sawa. Ukipanda 16, milimita 6. Sasa ukikuta umepanda 9 tu, na juu ni milimita 4 na chini kwenye kona ni 20, umeshajua udongo wako umelala wapi. Inauma kukata kitu kizuri, mie nilikata vingi mpaka nikalia kwa vitatu, lakini video mia moja hazijanifundisha kilichonifundisha ule uzi.

Ukija kuanza kuhifadhi, kukausha kwako kuwe kwa taratibu. Wakati wa kusi upepo ukipiga dirishani, upande mmoja wa kikombe unakauka kabla ya mwengine na mdomo unakuwa yai. Kifunike kwa ndoo iliyogeuzwa siku ya kwanza, siku ya pili kipindue kikae kwa mdomo, weka mbali na dirisha.

Kuna mambo ambayo mie siwezi kukutibu kwa maandishi. Ukipata mtu yeyote mwenye kulijua gurudumu, Pemba au Unguja, hata saa moja tu, panda boti uende. Mwambie aweke mikono yake juu ya yako wakati wa kubana kile kitako, usimuombe akuoneshe, muombe akushikishe, maana kiasi cha kubana hakiandikiki. Gurudumu lako ni la mkono wa pili, likikupiga hata mtetemo mdogo wa umeme ukiwa na mikono ya maji, chomoa na usiliguse mpaka fundi umeme alione na ahakikishe waya wa ardhi upo, hilo sio la kusubiri kesho. Vidole vikianza kufa ganzi usiku, gumba na viwili vinavyofuata, au mgongo wa chini ukauma na asubuhi bado, pumzika kazi na umuone daktari mapema, usijikande mafuta ya karafuu ukasema utapoa. Na vumbi la udongo mkavu usilifagie kwa ufagio, lipanguse kwa kitambaa cha maji, maana kuna vumbi la mchanga mle ndani ambalo likikaa kifuani halitoki.

Fanya hivi wiki mbili, matonge sita kwa siku, kidole kiguse chuma, hesabu kwa sauti. Alafu nitumie picha, usinitumie picha ya kikombe kizima, hakinambii kitu. Nitumie ile nusu iliyokatwa, uiweke ubavuni na rula pembeni yake, kona ya chini ionekane vizuri.